Jembe Lililomtoa Kaka Yangu Kanisani

Wazee wa kanisa wameniomba niandike habari za Mwalimu wa Vijana, zisomwe Jumapili ya kumkumbuka. Wamenichagua mimi kwa kuwa nafundisha shule ya wasichana na mwandiko wangu unasomeka, tena nilikuwa mwanafunzi wake tangu nikiwa mtoto wa kuteka maji ziwani kwa kibuyu. Mzee mmoja alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema, "Andika mema tu, binti yangu. Marehemu hasemwi." Nikaitika. Sasa ni siku ya tatu nimekaa na karatasi hii, na kila nikitaka kuandika mema hasira inanijia. Basi mema nitayaandika, maana yapo, na ni mengi. Lakini na hayo mengine nitayaandika, na atakayechukia achukie.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, sijui, wala sina haja ya kuuliza leo. Alipofika kwetu kando ya ziwa, upande huu wa Kigongo, alikuwa tayari mtu mzima, na kaptura yake ya kaki, na baiskeli, na kofia ngumu kama ya Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali. Misheni ilimleta ashike kazi ya vijana, na sisi tukamwita Mwalimu wa Vijana. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye barua tu.

Kwanza niseme sauti yake. Alikuwa na sauti ya nne, ile nzito ya chini, ambayo sijaisikia tena kwa mtu mwingine. Akiimba, benchi ulilokalia unalisikia likitetemeka. Alitufundisha nyimbo kwa do-re-mi iliyoandikwa ukutani kwa mkaa, kwa kuwa ubao hatukuwa nao, na kila Jumamosi tulifuta ukuta kwa majani. Alikuwa na fimbo ndefu ya kuonyeshea, na hakumpiga mtu nayo hata siku moja. Aliyekosea alimsogelea, akamwimbia sikioni polepole mpaka aipate. Watoto waliokuwa wanakimbia shule ya misheni walikuja kuimba. Hata akina mama waliokuwa wakipita na samaki vichwani walisimama njiani kusikiliza, jua likiwachoma.

Sasa niseme mawe. Mbele ya kanisa ilikuwapo njia, na kando ya njia hiyo alitupangisha mawe, tukayapaka chokaa. Mvua ikinyesha chokaa inatoka, tunapaka tena. Alikuwa na msemo wake, "Kijana asiye na kazi mkononi ana shetani mfukoni." Aliusema kila Jumapili mchana, akiwa ameshika ndoo. Kaka yangu Shija, aliyekuwa mtundu kuliko sisi sote, alimjibu siku moja, "Lakini Mwalimu, mimi suruali yangu haina mfuko." Mwalimu alicheka mpaka akaushika ukuta, do-re-mi zote zikamchafua shati. Alimpenda sana Shija. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani lililotokea lilitokea kwa chuki. Lingetokea kwa chuki lingeniuma kidogo.

Hayo mawe bado yananikera. Miaka ile yote, kila tulipotaka kujua kanisa lina kazi gani kwa vijana, jibu lilikuwa chokaa. Tulikuwa na mikono, tulikuwa na miguu, kijiji kilikuwa kimejaa wagonjwa na wajane na mashamba yaliyoota magugu, na sisi tunapaka mawe.

Hata hivyo, yule yule mtu wa chokaa ndiye aliyemchukua msichana mmoja wa darasa letu, homa imempanda mpaka hatambui watu, akamfunga kwa kanga juu ya baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali ya serikali mjini Mwanza. Ilikuwa masika. Watu waliomwona akipita Mkolani walisema tope lilikuwa linamfika magotini, na yeye anaimba ili mgonjwa asilale. Alikaa huko mpaka msichana alipoweza kula, akarudi naye, amemnunulia mkate dukani kwa Mhindi. Kofia yake ilikuwa imeharibika kabisa. Tulipomwuliza, akasema, "Kofia ni kofia." Kama ningekuwa naandika mema tu, ningeishia hapa, wazee wangu mngeniombea baraka na tungekwenda kunywa chai.

Kitu alichokiogopa duniani ni ngoma. Nami siwezi kusema aliogopa bure. Kwetu Usukumani vyama vya ngoma hushindana, na kila chama kina mganga wake na dawa yake, na wako vijana walioharibikiwa kwa dawa hizo. Yeye mwenyewe alikuwa na mwanafunzi, huko alikotoka, aliyepewa dawa ya kuvutia watu, akaishia kutembea uchi sokoni. Alitusimulia mara nyingi. Simlaumu kwa kuogopa dawa. Namlaumu kwa kuogopa jembe.

Maana kwetu jembe nalo lina ngoma yake. Vijana wa kijiji wana umoja wao unaoitwa ilika, na kiongozi wao huitwa nsumba ntale. Mvua za kwanza zikianguka, ilika huzunguka shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu, mpiga ngoma mbele, majembe yanarushwa juu na kudakwa, na kazi ya mwezi inakwisha asubuhi moja. Mwenye mali huwachinjia. Mjane hadaiwi kitu. Lakini asiyelima na wenzake halimiwi. Hiyo ndiyo sheria, na hakuna anayeilalamikia, kwa kuwa kila mtu anaijua tangu ananyonya.

Mwalimu alisimama Jumapili moja akatangaza kwamba kijana wa kanisa asionekane kwenye ilika. Shija akanyoosha mkono.

"Sasa Mwalimu, tutalimiana vipi?"

"Kwa kimya," akasema. "Msaada wa Mkristo haupigiwi ngoma. Ukimwona mwenzako ana shida, nenda peke yako, mapema, umsaidie, urudi. Asijue mtu. Mungu ameona."

Wazee mlitingisha vichwa siku ile, mkasema, amina, hayo ndiyo maneno. Nami niliyaona mazuri. Yalikuwa mazuri kweli. Mpaka leo nikiyaandika yanapendeza, na ndiyo maana yalituangamiza.

Baba yetu alifariki kiangazi cha mwaka ule. Mama akabaki na shamba la mtama na viazi, na kipande cha pamba, na mguu uliovimba usiokanyaga chini. Shija alikuwa darasa la ubatizo mwaka wa nne, nami pia. Wanaosoma leo hawajui, lakini siku zile mtu alisomea ubatizo miaka, na siku tatu katika juma watu wa darasa walibeba matofali ya kujenga kanisa. Siku zilizobaki zilikuwa za kukariri maswali na majibu, na mwaka ule zikawa pia za mazoezi ya kuimba, kwa kuwa mkuu wa misheni alikuwa anakuja Krismasi. Mimi na Shija tulilima alfajiri kabla ya kwenda misheni. Wawili. Shamba lilikuwa linatucheka.

Mwalimu alipopata habari, aliumia kweli. Jumapili akasimama, akasema shamba la mama fulani halijalimwa na mvua zimeshaanza. Akasema kila kijana aguswe moyoni mwake, aende kwa siri. Hakupanga siku. Hakutaja jina la mtu. Kupanga, alisema, ni kujionyesha.

Jumatatu mama aliamka gizani, akapika ugali wa watu kumi, na sato wawili aliowakopa kwa jirani. Akakaa mlangoni, mguu ameunyoosha. Hakuja mtu. Jumanne akapika tena. Jumatano akapika, akaugawa ugali kwa watoto wa majirani, akaacha kupika. Juma la pili likapita. Nilipomwuliza msichana niliyeimba naye sauti ya kwanza, alishtuka kabisa. "Kumbe hajaenda mtu? Mimi nilidhani wenzangu wameshakwenda, nikaona aibu kwenda kuwakuta." Nikamwuliza mwingine, akasema hivyo hivyo. Vijana arobaini, kila mmoja nyumbani kwake anamshukuru Mungu kwamba wenzake ni wema. Mwalimu mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, alipita njia ya mbali asije akawakuta watu wakisaidia akawaaibisha. Mambo kama haya yanataka watu waliosoma. Mpagani hawezi kukosea namna hii.

Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema mara moja tu, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Hawa wenu wa kanisa ni vidole vingi, lakini kila kimoja kimejificha."

Shija akaenda kwa nsumba ntale. Mimi nilikwenda naye, nikakaa pembeni. Yule kijana hakumtukana wala hakumcheka.

"Misimu miwili umetukimbia," akamwambia. "Nikikuletea watu kesho, wataniuliza wewe umemlimia nani. Njoo ulime na sisi kwanza, kisha tutakuja kwa mama."

"Siku ngapi?"

"Wenzako wenyewe watasema wakiona inatosha."

Ikawa siku tisa. Siku tisa hakwenda kwenye matofali. Siku ya kumi walikuja kwetu, jua halijatoka bado, na nikawasikia kabla sijawaona. Waliingia shambani kama watu wanaorudi kwao. Waliimba jina la baba yetu. Walimtania kwa ubahili wake wa tumbaku, wakamsifu kwa ng'ombe wake mmoja mwenye pembe iliyopinda, na mama, aliyekuwa hajalia tangu mazishi, akalia kwa sauti huku anacheka. Jua lilipoanza kuwa kali matuta yalikuwa yamenyooka mpaka chini kwenye mawe. Wakala michembe ya viazi vikavu na maziwa, wakaenda zao. Sikuona dawa. Sikusikia tusi. Nyuma ya ua niliwaona vijana watatu wa kanisa wamechuchumaa wanachungulia, na mmoja alikuwa anapigapiga goti lake kufuata ngoma.

Jumapili iliyofuata yalikuwa yamebaki majuma mawili kufika Krismasi. Mwalimu alisimama mbele na daftari la majina ya watu wa ubatizo. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa kama wa mtu asiyelala.

"Shija, simama."

Akasimama.

"Umelima na ngoma?"

"Nimelima shamba la mama, Mwalimu."

"Sijauliza shamba la nani. Nimeuliza ngoma."

"Ngoma ilikuwapo."

"Basi tubu mbele ya wenzako, jina lako libaki. Neno moja tu, Shija. Sema nimekosa, ukae."

Kaka yangu alifikiri. Watu wanapolisimulia jambo hili siku hizi wanasema alijibu kwa kiburi. Waongo. Alijibu polepole, kama mtu anayetafuta kwa bidii kosa lake ili alitoe, halioni.

"Ningekunywa dawa ningetubu. Sikunywa. Ningetukana mtu ningetubu. Mama yangu amelimiwa, Mwalimu. Nikisema hilo ni kosa nitakuwa nimesema uongo, na uongo ndio wa kutubu."

Mwalimu aliwatazama wazee waliokaa benchi la mbele. Mmoja wenu, na anajijua, na bado anakaa benchi lile lile, akatingisha kichwa mara moja, kwamba likatwe. Mwalimu akachukua kalamu, akalikata jina. Aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Shija akatoka. Alitembea taratibu, akapita katikati ya yale mawe aliyoyapaka chokaa mwenyewe, akaenda.

Kisha Mwalimu akasema, "Tuimbe." Na mimi nikaimba. Mimi, damu moja naye, jirani yake wa kitanda tangu utoto, nikafungua kinywa nikaimba sauti ya kwanza, tena kwa ufasaha. Krismasi nikabatizwa kwa gauni jeupe. Shija alisimama nje ya ua wa kanisa, na shati lake lililofuliwa, akanipungia mkono. Nikiwa nawakasirikia wengine katika maandishi haya, mjue nimeanza na nafsi yangu.

Baada ya hapo nilimchukia Mwalimu, na kumchukia kungekuwa rahisi kama angeniacha nimchukie. Msimu uliofuata, asubuhi moja kabla ya kupambazuka vizuri, nilisikia jembe shambani kwetu. Nikadhani ni mwizi wa viazi. Kumbe ni yeye. Peke yake, kaptura imeloa umande, analima. Hakujua kulima. Mikono yake ilikuwa ya kalamu, na matuta yake yalipinda kama njia ya mbuzi. Mama alimpa uji. Alikunywa amesimama, akasema, "Usimwambie mtu, mama."

Alikuja misimu mitatu. Kila alipoondoka, Shija aliyanyoosha matuta yake, kimya, bila kusema neno baya. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Mtu huyu alikuwa tayari kuuvunja mgongo wake gizani mpaka afe, lakini kusimama mchana mbele ya watu aseme "nilikosea", hakuwa tayari. Alituambia sisi, watoto wa miaka kumi na sita, tusimame na kutubu mbele za watu. Yeye toba yake aliifanya kwa siri, akaiita wema. Mnaosema alikuwa mnyenyekevu, fikirini tena.

Vijana wakaanza kutoka. Hawakutoka kwa kishindo. Mmoja alikwenda machimbo ya dhahabu Geita, akaandika barua mbili, akanyamaza. Wengine walirudi ilika, kwanza kwa kujificha, kisha waziwazi. Vita vilipokuja wengine wakaingia jeshi la Mfalme wa Uingereza, na waliorudi walikuwa wameona dunia, hawakuweza tena kupaka mawe. Mwalimu aliendelea kuita majina kila Jumapili, hata ya wale ambao kila mtu alijua hawapo. Aliita, akasubiri, akatazama mlangoni, akaita linalofuata. Niliwahi kumwambia, "Mwalimu, hao wamekwenda." Akanijibu, "Najua. Lakini nikiacha kuwaita nitakuwa nimewafukuza." Nikamwambia mmoja alimfukuza kweli.  Alikusanya daftari lake, akaiendea baiskeli, na kwa mwezi mzima alinisalimia kwa kichwa tu.

Na ninyi wazee kila mwaka mlikaa kikao, mkauliza, vijana wa siku hizi wana nini? Mlisema ni pamba, imewapa jeuri. Mlisema ni mji. Mlisema ni wasichana. Sikuwahi kusikia hata mmoja akiuliza, sisi tuna nini.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye siku nzima ilikuwa kiangazi kilichopita. Alikuja shuleni kwangu anatembelea fimbo, amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Kaka yako yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia yuko ng'ambo, Busisi, ameoa huko, na huko ndiye nsumba ntale. Akasema anajua, amesikia. Kisha akanieleza. Mchungaji mpya, kijana wa kwetu aliyesomeshwa mbali, alimwita akamwambia kazi ya vijana lazima ifikiriwe upya, kwa kuwa darasani wamebaki saba. Akamtaka aandike ni kwa nini wamekwenda. "Nimekaa na karatasi siku nyingi," akasema, "sina la kuandika. Shija ana vijana hamsini. Nipeleke nikamwulize."

Tulivuka Kigongo kwa mtumbwi, Mwalimu amekaa katikati ameshika pande zote mbili kama mtoto. Hakuimba. Tulimkuta Shija chini ya paa la jikoni anatia mpini kwenye jembe. Alimwamkia kwa heshima zote, akamtolea kigoda, mkewe akaleta maji ya kunawa na chakula. Tukala. Baada ya kula Mwalimu akatoa daftari na kalamu, akavaa miwani, akaanza kuuliza.

"Vijana wako unawashikaje?"

"Siwashiki, Mwalimu. Wanakuja."

"Akichelewa mtu?"

"Tunamwimbia. Anachekwa mpaka mwisho wa tuta. Kesho anawahi."

"Akiumwa?"

"Tunaanza na shamba lake."

Yule mzee aliandika yote hayo, kwa mwandiko wake mzuri, neno kwa neno. Akapigia mstari. Akauliza wanakula nini, nani anachagua nyimbo, wasichana wanakaa upande gani. Shija anajibu, yeye anaandika. Mimi damu ilikuwa inanipanda kichwani. Miaka yote ile, na safari yote hii, halafu mtu anakuja kukusanya habari kama karani wa kodi!

Nikashindwa. Nikasema, "Mwalimu, weka kalamu chini. Hukuvuka ziwa kuja kuandika. Mwambie."

Shija akasema, "Mwache mzee."

"Simwachi. Nimemwacha siku zote. Mwambie, Mwalimu!"

Mwalimu akavua miwani.  Akasema, "Shija, nilikukosea. Mama yako alikuwa na njaa na mimi nilikuuliza habari ya ngoma. Nimekukosea mbele ya watu."

Kaka yangu aliendelea kusugua mpini kwa kipande cha chupa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Niulize maswali."

"Maswali gani?"

"Ya ubatizo. Mwaka ule hukuniuliza. Ulikata jina kabla ya mtihani. Niulize."

Nilidhani ni dhihaka. Mwalimu naye alidhani hivyo, akanitazama mimi. Lakini Shija alikuwa ameweka jembe kando na amekaa wima, mikono juu ya magoti, vile tulivyofundishwa kukaa. Basi Mwalimu akamwuliza swali la kwanza, nani aliyekuumba. Shija akajibu. La pili, akajibu. Aliulizwa mpaka kivuli kikahama, mpaka mbuzi wakarudi wenyewe nyumbani, na hakukosea hata moja. Mtu mwenye watoto wanne, asiyekanyaga kanisa tangu siku ile, maneno yote yalikuwa kichwani mwake kama alivyoyaweka. Mkewe alisimama mlangoni na ungo mkononi, anamsikiliza mume wake akisema mambo asiyojua kama anayajua.

Maswali yalipokwisha, Shija akauliza, "Nimefaulu?"

Mwalimu akafunga daftari. "Umefaulu," akasema. "Ulikuwa umefaulu hata mwaka ule."

"Bado unautaka ubatizo?" nikamwuliza mimi, kwa Kisukuma, kama tulivyokuwa tukisemezana kwa mama.

Shija aliangalia jembe lake. "Siku zote," akasema. "Lakini sitasimama mbele ya watu kulitubia jembe. Wakinitaka wanichukue nalo."

Wakati wa kurudi, mtumbwini, Mwalimu alisema Jumapili atasimama. Atawaambia wazee na watu wote kwamba aliyekosa ni yeye, na jina la Shija lirudishwe. Alisema atalisema kwa sauti, mchana, watu wakiwa wamejaa. Nikamwambia, "Sema, Mwalimu, nami nitakuwa benchi la mbele." Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa homa ya mapafu ilimlaza, na Jumapili hakutambua watu. Hakuinuka tena.

Sasa mmeniomba mema yake, na jema lake kubwa ni hili ambalo hakuwahi kulifanya. Nimelibeba toka mtumbwini na limenilemea. Juzi nilipowagusia habari ya Shija, mlisema taratibu ni taratibu, aje atubu kwanza. Atubu nini? Mwenye kulikata jina lake alikwisha kusema kwamba Shija hana kosa, na alilisema mbele yangu na mbele ya mke wa Shija.

Kwa hiyo Jumapili nitakaposoma haya, sitakaa chini. Nitabaki nimesimama pale mbele mpaka mmoja wenu aende kwenye kabati la kanisa, alete lile daftari, na aandike jina la kaka yangu kando ya pale karatasi ilipochanika.